Jina langu limo kwenye daftari la wadau

Mhariri,

Assalamu alaykum. Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba matajiri wa hapa Zanzibar wanazinunua sheria kama watu wanunuavyo samaki Malindi. Barua ile nilisomewa na mteja wangu, maana mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta, na kibaraza kizima kilimuunga mkono mwandishi. Mie sikumuunga. Matajiri siwatetei, na kwenye ukoo wetu hayumo hata mmoja. Lakini nimewahi kukaa nao ukumbi mmoja siku kanuni zinajadiliwa, nikawaona kwa macho yangu wanavyofanya, na mbele yangu hawakutoa hata senti. Walitoa karatasi.

Niseme kwanza mie ni nani. Ni msusi, na napaka hina. Nakaa Pemba. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu nikiutaja mtaijua na ofisi ninayoizungumzia, na sikuandika ili nimuumbue mtu. Nafanyia kazi kibarazani kwangu: mkeka, kigoda, chanuo mbili, kopo la mafuta ya nazi, na kioo kilichopasuka pembeni tangu mwanangu wa pili yuko skuli ya msingi. Twende kilioni nasuka kwa shilingi elfu tano, watoto wa skuli elfu mbili. Cha kushika nakipata kwenye harusi, maana biharusi hupakwa hina na piko mikono na miguu, na kazi ile nikiianza baada ya alasiri hunichukua mpaka usiku.

Mwaka juzi, baada ya isha, sheha wetu alinipigia simu. Kesho saa tatu asubuhi kuna kikao cha wadau, niende.

"Wadau wa nini?" nikamuuliza.

"Wa urembo. Nimeambiwa nipeleke wasusi wawili."

Nikamchukua jirani yangu anayetengeneza kucha, tukaenda. Viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe, utafikiri kuna harusi. Mlangoni palikuwa na meza na msichana mwenye daftari la mahudhurio: jina, unakotoka, nambari ya simu, saini. Ukishatia saini unapewa bahasha ya nauli na rasimu ya kurasa thelathini na kitu, imebanwa pini pembeni. Ilikuwa rasimu ya kanuni za biashara ya urembo na usafi wake. Nikaifungua. Ukurasa wa kwanza una jina refu, wa pili una yaliyomo, wa tatu unaanza "Katika Kanuni hizi, isipokuwa kama maelezo yatahitaji vyenginevyo". Hapo ndipo nilipokuwa nimefika pale mgeni rasmi alipoingia, tukasimama. Baada ya hapo sikufungua tena.

Safu ya mbele walikaa watu watatu waliovuka kutoka Unguja, mabwana wawili na bibi mmoja wa makamo. Walikuja kwa niaba ya wenye hoteli na zile sehemu za kuwakanda na kuwapamba wageni. Yetu sisi rasimu ilikuwa mpya, bado inanukia mashine. Yao ilikuwa imechakaa. Pembe zimejikunja, mistari imepakwa wino wa njano, na kila baada ya kurasa kadhaa kimebandikwa kikaratasi chenye maandishi. Nikamnong'oneza jirani yangu: "Wenzetu hawa wameshalala nayo."

Afisa akasoma hotuba, akasema anakaribisha maoni. Pakawa kimya. Mzee mmoja wa upande wetu akasimama akalalamikia maji ya mfereji, kwamba wiki ya pili hayatoki na wasusi wanaosha vichwa kwa ndoo. Tukampigia makofi sana. Alisema kweli, maji yalikuwa hayatoki, lakini kwenye ile rasimu maji ya mfereji hayakutajwa popote.

Yule bibi wa makamo akanyanyua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kifungu cha pili, tafsiri ya neno saluni." Akakisoma: mahali popote panapotolewa, kwa malipo, huduma ya nywele, kucha, ngozi au mapambo ya mwili. Akasema tafsiri hiyo ni pana mno, hoteli tayari ina leseni yake na inakaguliwa, itakuwa inatozwa mara mbili. Akapendekeza baada ya neno "popote" yaongezwe maneno "isipokuwa ndani ya hoteli iliyosajiliwa". Hakuishia kusema. Alikuwa nayo yamechapwa, karatasi moja moja kwa kila aliyekaa meza kuu, na moja ya katibu wa kikao. Dakika tano hazikufika. Akakaa, akafunga mkoba wake. Baada ya hapo ikaja chai, sambusa na soda, na watu wakaanza kuangalia saa.

Mie nilisikia kila neno, na nikaona anasema sawa. Hoteli ina leseni yake, ya nini itozwe tena? Wallahi haikunijia hata kidogo kwamba "mahali popote" na mkeka wangu umo.

Mwaka jana ikaingia Shaabani. Mnajua wenyewe Shaabani huku kwetu, watu wanakimbiza harusi kabla ya Ramadhani na sisi hatulali. Nimeushika mkono wa biharusi, hina mbichi, vijana wawili wakasimama chini ya kibaraza. Mmoja ana kitabu cha risiti kwapani.

"Bi mkubwa, saluni hii ina kibali?"

"Saluni ipi?"

Akaunyooshea kidole mkeka. Yule biharusi akacheka, mkono ukatikisika, na mstari niliokuwa naushusha kwenye kiganja ukapinda. Hina haifutiki, ikabidi niugeuze jani. Wakanieleza taratibu, hawakuwa na ujeuri: shilingi elfu themanini kwa mwaka, na cheti cha afya mbali. Nikauliza jambo hili limeanza lini. Wakasema kanuni zimeshapita muda tu.

Jumatatu nikafika ofisini. Kijana aliyenipokea, na haki yake nimpe, ana adabu. Alinipa kiti, akashusha faili kabatini. "Bi mkubwa," akaniambia, "hatukukaa wenyewe tukajitungia. Wadau walishirikishwa." Akafunua mpaka kwenye orodha ya mahudhurio, akaweka kidole kwenye mstari wa ishirini na saba. Jina langu, nambari yangu ya simu, na saini yangu iliyolala kama kamba ya ng'ombe.

"Si wewe huyu?"

Ndiye mie. Nilikula na sambusa.

Nikamuomba anionyeshe kifungu cha pili. Maneno ya yule bibi yalikuwemo, kama alivyoyachapa, mpaka mkato wake. "Isipokuwa ndani ya hoteli iliyosajiliwa." Mie nilibaki upande wa pili wa mkato.

Sasa nimuulize msomaji mwenzangu, hapo pana hongo gani? Palikuwa na mtu aliyeipata rasimu mapema, akaisoma yote, akatafuta neno litakalomgusa, akaandika kwa mkono wake neno analolitaka, akampa mtu anayestahili kupewa, siku inayostahili. Kazi ni hiyo, na wakubwa wanaifanya kila siku ya Mungu ilhali sisi tunaamini wanapenyeza bahasha. Bahasha siku ile nilipewa mie, ya nauli.

Na ile ilikuwa kanuni ndogo tu. Zilizo kubwa zinapita Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Kijana wangu ni msaidizi wa mhasibu kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Ananambia kikao cha bajeti kikianza, Mei, ofisi yao haikai. Mswada wa Sheria ya Fedha ukishatoka tu, wenye hoteli wanatumiana jedwali la safu tatu. Ya kwanza: kifungu kinasema nini. Ya pili: kitatugusa vipi, kwa shilingi na dola. Ya tatu: tunataka kiandikwe vipi. Jedwali linajazwa usiku, asubuhi linatumwa, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na hakuna nafasi ya kulala. Wafanyabiashara wana jumuiya yao, ZNCC. Wawekezaji wa utalii wana yao, ZATI. Juu ya hapo lipo Baraza la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Sioni ubaya wowote hapo, ni haki yao. Nasema tu kwamba huku kwetu tunaijua vizuri safu ya pili, ya kulia kwamba tumeguswa, na ya tatu hatujawahi kuijaza. Muulize mchumaji karafuu yeyote bei ya kilo ya daraja la kwanza, atakujibu na usingizini. Muulize Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 inasema nini juu ya mti wake mwenyewe.

Nilipomhadithia haya mtoto wa dada yangu kwenye simu, alicheka mpaka nikakasirika. Yeye yuko Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, tangu 2011. Kusuka kafundishwa na mie, juu ya mkeka huu huu. "Mama mdogo," akaniambia, "hilo la mkeka wako kuwa saluni huku limeshatukuta." Akanipa kisa chake, na nimemrejea mara tatu ili niandike sawa.

Kule kila jimbo katika yale 50 linajitungia sheria zake. Majimbo mengine yote yana mabaraza mawili mawili ya kutunga sheria. Nebraska peke yake ina moja, kama sisi, tangu 1937, na wajumbe wake 49 tu, wachache kuliko waheshimiwa wetu. Sheria ya jimbo ilitaka anayesuka nywele kwa malipo awe na leseni ya urembo, na leseni yenyewe wakati ule ilikuwa masaa 2,100 ya masomo. Mtu akisoma masaa manane kwa siku, siku tano kwa wiki, ni mwaka mzima na ushei, na ada juu. Masomo yenyewe mengi ni ya kukata, kutia dawa na rangi, vitu ambavyo msusi wa mkono havimhusu. Mtoto akawa anasuka jikoni kwake Jumapili, pazia limeshushwa. Ile kazi ambayo huku tunaifanya barabarani watu wanapita wanatoa salamu, kule aliifanya kwa kujificha kama anapika gongo.

Nikamuuliza nani anataka sheria kama hiyo. Akasema kwenye majimbo mengi wanaosimama kuitetea ni wenye saluni waliokwisha kuipata leseni, na wenye skuli zinazouza hayo masaa. Nao wana jumuiya, na jumuiya ina mtu anayelipwa kufuatilia. Mswada wowote ukitaja nywele, siku hiyo hiyo wameshajua nambari yake.

Wasusi walikuja kupata wao wa kuwasomea. Kuna kundi la mawakili kule, Institute for Justice, lililoanza 1991, na kesi yao ya mwanzo kabisa ilikuwa ya wasusi wa mji wa Washington waliodaiwa leseni. Mawakili wale wana mrengo wao, hawapendi serikali iwe na masharti mengi, na sidhani kama ningekubaliana nao kila jambo. Lakini jambo la nywele walilishikilia jimbo baada ya jimbo. Mwaka 2016 Nebraska ikaletwa LB 898, mswada wa kuwatoa wasusi kwenye leseni ile.

Hapa ndipo nilipomwambia anihadithie polepole. Kule Nebraska kila mswada lazima usikilizwe hadharani na kamati, hata ule wa kijinga. Siku inatangazwa, na mtu yeyote anakwenda. Alikwenda na rafiki yake wakakaa nyuma, baridi ya mwanzo wa mwaka, makoti mapajani. Anayetaka kusema anajaza karatasi: jina, na kama anaunga mkono, anapinga au yuko katikati. Akikaa kitini anataja jina lake kisha analitamka herufi moja moja ili anayerekodi alipate sawa. Mezani pana taa, kijani, njano, nyekundu. Ikiwaka nyekundu umalize, uwe na kampuni, uwe na chanuo. Mtoto hakusema kitu siku ile, aliogopa Kiingereza chake. Lakini mswada ulipita, ukatiwa saini mwaka huo huo, na Jumapili iliyofuata akanipigia simu kunionyesha dirisha la jiko. Pazia liko wazi, na mtu kakaa anasukwa.

Kilichonigusa zaidi ni jengine. Wale wanaolipwa kuwashawishi wajumbe wanasimama ukumbi wa nje, mlangoni pa baraza, na huwapelekea wajumbe vikaratasi ndani kwa mkono wa wahudumu. Kila mtu anawaona. Na kabla ya kufanya kazi hiyo lazima wajisajili kwa katibu wa baraza, waandike wanalipwa na nani. Ukitaka kujua nani anamlipa bwana fulani anayesimama pale kila siku na tai nyekundu, unafungua orodha unasoma.

Jirani wa dukani wa mtoto wangu huyo wa Omaha, muuza matairi, ni mwanachama wa shirikisho la wafanyabiashara wadogo la nchi nzima, NFIB, lililoanza 1943. Linamletea karatasi ya kura: jambo fulani tuliunge mkono au tulipinge? Muuza matairi ana kura moja, na mwenye wafanyakazi mia naye ana moja. Halafu shirikisho linawapa wajumbe asilimia kwa jinsi walivyopiga kura zao, kama ripoti ya skuli. Hebu fikiria, Mhariri, mwakilishi wako amepata arubaini na mbili kwa mia, na ripoti imebandikwa ukutani kwa sheha.

Lakini nisije nikaisifu Marekani kupita kiasi, mtoto mwenyewe alinikanya. Kuna chombo kinaitwa ALEC, tangu 1973, ambacho wajumbe wa mabaraza ya majimbo na makampuni hukaa pamoja wakatengeneza miswada ya mfano. Mjumbe anakwenda nayo kwao, pengine anabadilisha jina la jimbo tu, na wapiga kura wake wanadhani kaitunga yeye. Kule nako, basi, wapo wanaoandika sheria na watu hawajui mkono ni wa nani. Tofauti ni kwamba magazeti yao yaliliandama jambo hilo mpaka makampuni kadhaa yakajitoa.

Narudi kwetu, kwenye neno hili wadau. Siku hizi kila mswada, kila kanuni, utasikia wadau walishirikishwa. Redioni, kwenye hotuba, kwenye ripoti. Mie naomba tuambiwe kwa majina. Kwenye kikao kile tulikuwa zaidi ya arubaini, na aliyeshirikishwa ni mmoja. Sisi wengine tulihudhuria. Saini ya mlangoni ni ya bahasha na sambusa, isihesabiwe kuwa ni ridhaa. Ripoti ikiandikwa iseme: fulani, kwa niaba ya fulani, alitaka kifungu hiki kiwe hivi, na limekubaliwa au limekataliwa. Kama mtu kalipwa aje aseme, iandikwe kalipwa na nani. Yule bibi wa makamo hana cha kuficha, alisema mbele za watu na alisema vizuri kuliko sote. Mie nisingeona aibu hata kidogo jina lake liandikwe na langu liandikwe, lake mbele ya neno "isipokuwa", na langu mbele ya "alikunywa soda".

Na rasimu ifike mapema. Kupigiwa simu usiku kwa ajili ya kitabu utakachokabidhiwa asubuhi mlangoni ni mzaha. Ikifika kwa sheha wiki mbili kabla, nakala moja tu, sisi tutajua wa kutusomea. Msiniambie ipo kwenye mtandao. Najua ipo, lakini wengi wetu simu zetu ni za vitufe, na wenye simu za kupangusa macho yetu yameshakwenda. Na msiniambie nifunge safari mpaka Chukwani kusikiliza kamati. Kutoka Pemba ni boti kwenda na kurudi, ni kulala kwa watu, ni siku mbili au tatu kibaraza kitupu. Mwenye hoteli ya Unguja anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri.

Sikukaa nikalalamika tu, na hapa mniwie radhi nijisifu kidogo. Baada ya mambo ya mkeka tuliungana wanawake kumi na moja, kisha vinyozi wawili wakaomba kuingia, tukawaingiza. Kila mtu anatoa elfu mbili kwa mwezi. Fedha ile tunampa binti wa jirani aliyemaliza chuo kikuu na bado anangoja ajira. Kazi yake ni kuangalia miswada gani imeletwa Barazani na kanuni gani zinazungushwa huku kwetu, halafu anatutumia sauti ya WhatsApp, isizidi dakika tatu. Mingi haituhusu, na anasema hivyo hivyo: "Huu hauna nywele." Mara moja tu aliona kitu. Tukakaa kibarazani jioni mbili nzima kuandika sentensi moja. Hamuwezi kuamini jinsi sentensi moja ya sheria ilivyo ngumu, wenzenu tuligombana juu ya neno "au". Ilipokaa sawa tukaipeleka kwa mwakilishi wetu nyumbani kwake, Ijumaa, baada ya sala.

Aliisoma mara mbili. Akasema, "Nyinyi ndio wa mwanzo kuniletea kifungu. Wenzenu wananiletea michango ya harusi na mabati." Akaikunja akaitia mfuko wa kanzu. Kama ilifika Chukwani au kanzu ilifuliwa nayo, bado tunangojea.

Zile elfu themanini nalipa, nusu nusu. Risiti ya mwanzo nimeibandika pembeni ya kioo, juu ya ule ufa.

Ombi langu la mwisho ni kwako wewe Mhariri, wala si kwa serikali. Gazeti lako linachapisha ratiba ya ligi, nyakati za sala na, siku nyengine, picha za paka. Nakuomba nafasi ya upana wa vidole vinne kila Jumatatu: mswada gani umesomwa mara ya kwanza, umepelekwa kamati gani, kamati inakaa lini, na kwa Kiswahili chepesi unamgusa nani. Gazeti huku kwetu linatufikia mchana. Mteja wangu wa Jumatatu mchana ni mwalimu wa skuli, anasuka twende kilioni, hukaa kwenye kigoda masaa mawili unusu, na hana la kufanya ila kunisomea.

Msusi,
Pemba